Ishara Nilizomwekea Bibi

Mdalasini ukiwa mbichi haunuki kama ule wa dukani. Ule wa dukani unanuka chai, pilau, na mikono ya watu wengi walioushika. Mbichi unanuka maji. Unanuka gome lililobanduliwa sasa hivi, utomvu unaonata vidoleni, na nyuma ya hapo, kwa mbali, utamu ambao haujakomaa. Wiki iliyopita mama mmoja alitandika kanga kwenye baraza la jengo ninapofanyia kazi, akapanga vifungu vya magome na kuniambia yametoka Mkuyuni, yamekatwa jana. Niliinama kuchukua kifungu kimoja nikakaa pale chini muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Dada, kiuno?" akaniuliza.

"Hapana. Nanusa tu."

"Nusa, kunusa ni bure. Ila ukishiba uwapishe na wengine."

Nilinunua vifungu vitatu nisivyovihitaji. Vipo jikoni kwangu sasa, na nyumba nzima inanuka mikono ya bibi yangu.

Bibi mzaa mama aliishi juu ya Mkuyuni, ukiiacha barabara unapanda kwa miguu saa moja na nusu, ukivuka kijito kimoja mara tatu kwa jinsi njia inavyokipiga chenga. Alikuwa na migomba, pilipili manga iliyopanda juu ya miti, na midalasini michache aliyoachiwa na mama yake, aliyeachiwa na mama yake tena. Kwetu Waluguru shamba hupitia kwa wanawake, kwa hiyo nilikua nikijua kwamba miti ile ni yangu pia, ila bado sijaifikia. Aliniita mke mwenzake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Asubuhi aliniamsha kwa kunipiga kofi nyayoni. "Mke mwenzangu, amka, mume wetu anataka uji." Mume wetu alikuwa babu, ambaye alikuwa amekufa kabla sijazaliwa.

Nilikaa naye tangu nilipoachishwa ziwa, wakati Mama akijifunza ushonaji mjini. Nilipofika umri wa kuanza shule, Mama alikuja kunichukua. Alikuwa amepanga chumba Mwembesongo, amenunua cherehani, na ameniandikisha shule yenye madirisha ya vioo. Hakuna aliyenionea. Nasema hivyo kwa sababu watu wa rika langu tukikumbuka utoto tunapenda kutafuta mkosaji, na mimi nimemtafuta sana nikamkosa. Nilipakiwa tu kwenye gari, nikashushwa mahali pasipo na kijito.

Kutoka Mwembesongo milima ya Uluguru inaonekana yote, imesimama nyuma ya mji kama watu waliokuja kupigwa picha. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Bibi yuko mlimani, na mlima ndio ule. Basi kila asubuhi kabla ya shule nilisimama karibu na bomba la maji la jirani nikaupungia mkono. Sikujua kwamba mlima una upande wa pili, na kwamba kwa Bibi ni upande huo wa pili, ambako hata mtu mwenye macho ya mwewe asingeniona. Nilipunga. Siku za mawingu nilipunga mara mbili.

Nilikuwa darasa la pili wakati Mwalimu Kalunde alipoanzisha kabu shuleni kwetu. Kabu ni skauti wadogo, wale ambao hawajafikia umri wa kuitwa skauti hasa. Mtakumbuka wale skauti wakubwa wa siku za sherehe, soksi hadi magotini, filimbi na kamba begani, wanavyokatiza uwanja kama wametumwa na serikali. Sisi tulikuwa vivuli vyao vifupi. Tulikutana kila Jumamosi nyuma ya stoo ya shule, watoto kama ishirini, tukijifunza kufunga mafundo, kuwasha moto kwa kijiti kimoja cha kiberiti, na kusimama bila kujikuna.

Mwalimu Kalunde alikuwa Mnyamwezi, mnene, mwepesi wa miguu, na kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani, hakunipumzisha. "Wewe mtani wangu wa mlimani, simama wima! Huku ni tambarare, hutaanguka." Nilimpenda kwa hilo. Alikuwa mtu wa kwanza mjini kunikumbusha nilikotoka bila kunionea huruma.

Jumamosi moja alitufundisha ishara za njia. Alipanga vijiti vitatu chini vikawa mshale: pita hapa. Akapishanisha viwili: huku siko. Akajenga vijiwe vitatu, kimoja juu ya kingine: endelea, hujapotea. Mwisho akachora duara na kuweka jiwe katikati, akasema maana yake ni kwamba niliyekuwa mbele yako nimeshafika.

"Ishara hizi," alisema, "anazisoma Mjapani, anazisoma Mbrazili, anazisoma hata Mluguru." Watoto wakacheka.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hata mtu asiyejua kusoma?"

"Hata asiyejua kusoma. Ndiyo uzuri wake. Dunia nzima inazijua."

Nililibeba neno hilo hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Kwa maana siku ya kuapishwa ilikuwa inakaribia. Kila kabu angesema ahadi mbele ya wote, kisha mkubwa wake, mzazi au yeyote anayemlea, angemfunga skafu shingoni. Rafiki yangu Farzana, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa na ndiye aliyemuuzia Mama kile cha njano cha kushonea skafu zetu, alikuwa ameshajipanga.

"Mimi anakuja Dadima wangu," alisema, akimaanisha bibi yake mzaa baba, "na kamera. Wewe?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako si yuko porini?"

"Si porini. Mlimani."

"Mlimani si ndiyo porini! Atakuja na tumbili?"

"Atakuja na ndizi. Na hutapewa."

"Nitapewa," alisema Farzana kwa utulivu. "Bibi wote wananipenda."

Mama alimpigia simu jirani wa Bibi, mtu pekee kule mwenye simu, akangoja hadi Bibi alipoitwa kutoka shambani. Sauti ilikuja ikipasua spika.

"Haloo! Mnanisikia?"

"Shikamoo, Mama. Usipige kelele, tunakusikia."

"Marahaba! Niko mbali, nisipige kelele mtanisikiaje?"

Mama akamweleza. Bibi akasema atakuja. Mama akasema atampokea anaposhukia. Bibi akakataa katakata. Alikuwa ameshafika mjini mara mbili, alisema, na hakupotea. Yeye si gunia la kupokelewa.

"Lakini shule huijui, Mama."

"Nitauliza. Sina mdomo?"

Kisha akaniomba mimi. Nilishika simu kwa mikono miwili. "Mke mwenzangu," alisema, na safari hii hakupiga kelele, "nitakuja kukufunga hicho kitambaa mwenyewe. Nitakifunga kisifunguke."

Nilimjua Bibi. Alikuwa na mdomo, ndiyo, lakini mjini haukufunguka. Mara ile ya pili alipokuja kwetu alimpita muuza maji mara tatu badala ya kumuuliza nyumba yetu ilipo, kwa sababu aliogopa Kiswahili chake kingechekwa. Asingeuliza. Angezunguka na ndizi zake kichwani mpaka jua lizame. Basi nikajua kazi yangu. Mtu asiyejua kusoma angesoma ishara, kwa sababu dunia nzima inazijua.

Siku yenyewe niliamka kabla ya Mama kuanza kukanyaga cherehani. Alikuwa na nguo za harusi za kumaliza, hakunitazama. Nilichota majivu ya jiko kwenye kopo la maziwa, nikachukua vipande vya mkaa, kisha nikafanya jambo nililokatazwa: nilishika mkasi wake wa kazi. Gauni langu la kitenge chekundu chenye ndege weupe, ambalo Bibi alininunulia kitambaa chake sokoni Mkuyuni, lilikuwa limeshanibana. Nilikata utepe kwenye pindo. Niliwaza kwamba Bibi akiuona utepe ule atajua ishara ni zangu, si za mtoto mwingine.

Nilianzia pale gari za Mkuyuni zilipokuwa zikishusha watu. Mshale wa kwanza niliupanga kwa vijiti pembeni ya barabara, wa pili kwa mkaa. Kisha njia iliacha nyumba na kukata uwanda wenye nyasi, na pale katikati njia tatu zilikutana. Moja ilikwenda shuleni, moja mtoni, moja sijui wapi. Hapo ndipo mtu angepotea. Hapo nilitumia vyote. Nilipishanisha vijiti vikubwa kwenye njia mbili za uongo. Kwenye ile ya kweli nilimwaga majivu yakawa mshale mweupe, upana wa njia nzima. Nikajenga vijiwe, nikavizungushia mkaa, na juu ya vijiwe nikafunga utepe mwekundu ili upepo uupeperushe.

Nilirudi nyuma nikaitazama kazi yangu. Ilikuwa nzuri kuliko ya Mwalimu.

Alitokea mwanamume na baiskeli. Alipofika karibu alifunga breki, akashuka, akatazama, kisha akaibeba baiskeli begani na kuzungukia mbali kwenye nyasi zenye umande, suruali ikalowa hadi magotini. Nyuma yake alikuja mwanamke na ndoo. Yeye hakuzunguka. Aligeuka akarudi alikotoka, haraka, maji yakimwagika. Nilivimba kwa fahari. Nilidhani wanaogopa kuharibu ishara za skauti.

Shuleni viti vilipangwa chini ya kivuli cha stoo. Dadima wa Farzana alikuja kweli, mdogo kama sisi, amevaa raba nyeupe, akapiga picha kila kitu pamoja na ukuta. Majina yalisomwa. Kila aliyeitwa alisema ahadi yake, akafungwa skafu, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama geti. Mwalimu Kalunde aliniruka jina langu mara ya kwanza. Akaniruka mara ya pili. Alipobaki hana mwingine alikuja akachuchumaa mbele yangu, akiwa amesahau utani wote.

"Tumngoje tena kidogo, mtani?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Tulingoja. Dadima akaishiwa picha. Geti likafunguka, akaingia Mama akikimbia, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni, akatafuta kwa macho mtu ambaye hakuwepo. Alinikuta nimesimama wima. Nikasema ahadi yangu nikitazama juu ya bega lake, kuelekea geti. Niliahidi kumpenda Mungu na nchi yangu, na kusema kweli hata pale uongo utakaponifaa. Mama akanifunga skafu. Aliifunga vizuri sana, kama fundi.

Tukirudi nilimwomba tupite uwandani, akasema ana haraka, njia ya barabarani ni fupi. Nilikwenda peke yangu jioni, jua likiwa bado lipo. Ishara zote zilikuwa kama nilivyoziacha. Hakuna aliyezikanyaga. Nyasi za pembeni zilikuwa zimelala, watu wa kutwa nzima wameshatengeneza kinjia kipya cha kuzunguka. Hiyo ilinitosha kuwa ushahidi: kama Bibi angekuja, angepita juu ya mshale, na mshale ungevurugika. Haukuvurugika. Hakuja.

Siku ya pili jirani wa kule alipiga simu. Ujumbe wa Bibi ulikuwa mfupi: hakujaaliwa. Mama aliuliza kama anaumwa. Haumwi. Basi nini? Jirani hakujua.

Niliacha kuupungia mlima mkono. Nilikuwa nimefikia uamuzi ambao watoto hufikia bila kumwambia mtu: Bibi amenigawa. Amenitoa kama mtu anavyotoa kuku, na kuku akishatolewa hatafutwi.

Likizo ndefu ilipofika Mama alinipeleka hadi Mkuyuni, na Bibi alikuwa anangoja barabarani. Nilisema shikamoo nikitazama miguu yake. Alinishika kidevu, akaniinua uso, akanitazama jicho la kulia, kisha la kushoto. Akanigeuza. Akanikagua nyuma ya masikio, akanipima mkono kwa vidole vyake. "Unakula?" aliuliza. "Unalala? Huoti?" Tulipofika nyumbani alichemsha majani kwenye sufuria kubwa, akaniogesha nayo, na asubuhi ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, hadi zilipotimia siku saba. Nilidhani ni vumbi la mjini analitoa. Nilifikiri, loo, mji unachafua sana.

Kisha nikasahau kuwa nimekasirika. Haikuchukua hata wiki. Ukungu uliingia mlangoni asubuhi kama mgeni aliyezoea, tukanywa uji wa mume wetu. Niliviona vivuko vitatu vya kijito vikiwa pale pale, jiwe la kukanyaga kwanza na la kukanyaga pili. Mchana tulikwenda kwenye midalasini, Bibi akikata matawi, mimi nikikwangua ngozi ya juu kwa kisu butu. Ukikwangua vizuri gome linatoka zima, linajikunja lenyewe juani kama linajifunika. Nilikuwa mtu mzima pale, mwenye kazi na kisu, na siku zilivyokuwa zikiisha nilianza kuzihesabu.

Ilikuwa asubuhi, tumekaa kwenye mkeka na matawi katikati yetu, siku ambayo Mama alikuwa aje kunichukua, wakati Bibi aliposema bila kuinua macho, "Mke mwenzangu, mjini hurudi tena."

Kisu kilinisimama mkononi.

"Nimemtumia mama yako neno. Akija leo tutazungumza. Mimi ni mama yake, atanisikiliza. Utasoma hapa hapa bondeni."

Mnajua furaha ya mtoto. Nilikuwa nimeiomba habari hii kila usiku kwa maneno yale yale, na sasa ilikuwa imetamkwa mchana kweupe, na mtu mwenye uwezo wa kuitimiza.

"Nilikuja," alisema Bibi. "Siku ile. Sikutaka kusema kwenye simu ya watu. Nilikuja na ndizi zangu, nikashuka. Naona kijiti hapa, kijiti pale, mkaa. Nikasema, mh. Nakwenda, na vile vitu vinakwenda na mimi. Nafika njia panda," akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu, "nakuta dawa imetegwa. Majivu. Mkaa. Vijiti vimepishana. Na juu yake nguo yako. Kitenge changu nilichokununulia, kimechanwa."

Nilisikia kijito chini kule. Nilikisikia vizuri sana.

"Ningevuka, ningekuwa nimekukanyaga wewe," alisema. "Walijua atakayepita pale ni mtu wako. Niligeuka hapo hapo. Ndizi nilizitupa, maana zilishafika mahali pabaya. Nimehangaika nawe tangu siku ile, mwanangu, kwa mganga huyu na yule, mpaka hayo majani. Wanaoishi na mama yako kwenye ile nyumba si watu wazuri. Hukai tena kule."

Watu wengi wamenisikia nikisimulia hadi hapa, na hapa hucheka. Na mimi hucheka nao. Ninawaacha wadhani hadithi imeisha.

Lakini nilikuwa na umri wa miaka minane na nilikuwa nimekaa juu ya mkeka nikijua jambo ambalo hakuna mwingine duniani aliyelijua. Nikinyamaza, nabaki. Midalasini, kijito, uji, mke mwenza. Sikutakiwa hata kusema uongo. Nilitakiwa kukwangua gome tu. Na hapo hapo niliikumbuka sauti yangu mwenyewe nyuma ya stoo ya shule, mbele ya Dadima na kamera yake. Hata pale uongo utakaponifaa. Nilikuwa sijajua, siku nilipoyasema, kwamba maneno yale yanaweza kuja kukutafuta mlimani.

"Bibi," nilisema. "Si dawa. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyeweka. Ni ishara za njia. Ili usipotee."

Nikamweleza yote kwa pumzi moja: mshale ni pita hapa, vijiti vilivyopishana ni huku siko, utepe ni ili ajue ni mimi, majivu ni ya jiko letu. Nilipanga hata mfano kwa matawi ya mdalasini pale mkekani. Bibi aliufuata mshale ule kwa kidole.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Hajui."

"Mwalimu wako?"

"Hajui."

"Basi," alisema Bibi. Alichukua tawi moja kutoka kwenye mshale wangu, akaanza kulikwangua polepole, kama mtu aliyemaliza mazungumzo. "Basi."

Nilingoja acheke, au anipige. Hakufanya lolote kati ya hayo. Nikaona bado sijatimiza. "Mama akija nitamwambia," nilisema. "Niliahidi kusema kweli."

Kisu cha Bibi kilisimama. "Ungenyamaza tu, mwanangu," alisema.

Niliinamisha kichwa. Nilidhani ananigombeza. Miaka mingi niliisikia sentensi ile kama karipio, hadi nilipokuwa mtu mzima na mimi mwenyewe nikamwambia mtu maneno yanayokaribia hayo, mtu niliyetaka abaki, na nikaisikia sauti yangu ikitoka kama ya Bibi: chini, bila hasira hata chembe.

Mama alifika mchana na begi kubwa mgongoni, amelowa jasho, uso umemkauka kwa wasiwasi. Kabla hajaketi nilisimama wima, visigino pamoja, nikamweleza. Mama alinitazama, akamtazama Bibi. Alikaa chini kwenye mavumbi akacheka mpaka machozi. "Jamani! Na yule mwenye baiskeli! Mtaa mzima ulisali wiki nzima kwa ajili ya ile njia panda! Waliita mpaka shehe!" Bibi naye alicheka. Alichelewa kidogo kuanza, lakini alicheka, akijipiga paja, akisema loo, nimemkimbia mjukuu wangu mwenyewe.

Walipotulia, Mama alijifuta macho akasema, "Sasa, Mama, tunafanyaje?"

Nilimtazama Bibi. Ninaukumbuka uso wake kuliko ninavyoikumbuka picha yoyote. Alikuwa anakusanya maganda yaliyomwagika, moja moja, akiyaweka kwenye mapaja yake.

"Tufanyeje?" alisema. "Mji hauna neno. Mrudishe shule."

Tulikunywa chai. Bibi alinifungia mahindi mabichi na ndizi, akanisindikiza hadi kivuko cha kwanza, akasema mgongo unamuuma, hatavuka. Akanipiga kofi dogo nyayoni kwa kuwa nilikuwa nimevua viatu. Masika yaliyofuata aliugua kifua, na barabara ya Mkuyuni ilikuwa imekatwa na maji, na tulipofika walikuwa wameshamzika. Lakini hayo sikuyajua siku ile. Siku ile nilivuka kijito nikitembea mbele ya Mama kama skauti, nikihisi kwamba nimefanya jambo gumu na kwamba mtu mahali fulani ameliona.

Kwenye kivuko cha tatu Mama alisimama kupumzika. Alilishusha begi juu ya jiwe, likatua kwa kishindo.

"Mbona zito hivyo?" nikauliza. "Umemletea Bibi nini?"

"Sikumletea kitu." Alikuwa anasugua bega lake palipoingia mkanda. "Ni nguo zako. Zote. Na madaftari, na ule mto wako."

Nililitazama begi. Upande mmoja zipu ilikuwa haijafunga vizuri, na mkono wa sweta langu la shule ulikuwa umetokeza.

"Kwa nini umezileta?"

Mama aliinama akanawa uso kijitoni.

"Si ulikuwa ubaki," alisema. "Nilikuwa nimeshakubali."

Kisha akashika mkanda mmoja wa begi na kunipa mimi mwingine, na tukashuka nalo hivyo, katikati yetu, tukilitua kila baada ya hatua chache, mpaka barabarani.